Baharia wa Beseni

Arnfinn Nesvik alikuwa fundi wa mashine za meli tangu ujana hadi pensheni, na bahari haikuwahi kumtapisha. Hilo alilitangaza popote alipopata wasikilizaji, na kijijini kwake karibu na mji wa Bodø hawakukosekana, maana majira ya baridi watu hawana pa kwenda. Kwake yeye, aliyetapishwa na bahari alikuwa mwoga tu, hana jingine. Hata mwanawe wa pekee hakumsaza. Eivind alipanda naye meli ya mizigo akiwa kijana mbichi, akapewa kitanda cha omo, mbele kabisa, wanakolazwa wageni wa kazi. Alitapika kwenye beseni mpaka nyongo, akashuka bandari ya kwanza na kurudi kwa basi. Baba yake aliporudi likizo alimkuta dukani, akamwita mbele za watu baharia wa beseni. Jina likamganda. Kijana akahamia Stamsund, ng'ambo ya ghuba ya Vestfjorden, na kati yao zikabaki kadi za Krismasi.

Sasa Eivind alikuwa amepata binti, na Jumapili binti anabatizwa. Aliwatumia wazazi tiketi za meli ya watalii, chumba cha juu kabisa, mbele, chenye kioo ukuta mzima. Borghild, mkewe Arnfinn, alilia kwa furaha. Alitaka kitu kimoja tu duniani, wanaume wake wawili wapatane kabla mmoja hajazikwa. Arnfinn alikubali kwenda, ila asiambiwe aombe radhi.

Mchana wa safari, meli ilipotoka kwenye kinga ya visiwa, upepo wa kusini-magharibi ukaipokea. Chumba kilipanda, kikasita, kikaanguka. Borghild alijilaza na kufumba macho, mumewe akamcheka. Kisha wimbi likapiga omo kwa kishindo, glasi zikaruka. Hapo hapo mzee akatapika zuliani.

Lakini si matapishi yaliyomtisha. Alitega sikio, asisikie mashine. Miaka yote alilala juu ya ngurumo yake, na fundi yeyote anajua kwamba mashine ikinyamaza katika dhoruba, meli hugeuza ubavu na mawimbi huimaliza. Alipiga magoti, akabandika sikio sakafuni. Kimya. Aliogopa, jamani, aliogopa kama hajawahi, na katika hofu ile uso uliomjia ni wa Eivind pale dukani.

"Mashine imekufa," alisema. "Tunakwisha, Borghild. Na kijana wetu sijamwambia kitu."

Borghild hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Naye aliogopa, lakini alimshika mkono wakatoka wakijikokota kwenye vyuma vya ukutani, wakateremka ngazi baada ya ngazi mpaka chini, katikati ya meli, penye stoo ya mashuka. Mfanyakazi mmoja alikuwa akikunja taulo huku kikombe chake cha kahawa kimekaa mezani, hakimwagiki. Sakafu ilinguruma polepole chini ya miguu yao. Mashine ilikuwa hai, wala haikuwahi kuzimika.

Arnfinn aliuliza kama dhoruba imetulia. Mfanyakazi akamwambia imezidi, ila huku hawaisikii sana.

Borghild alimtazama mumewe. "Chumba chako kilikuwa wapi, miaka yote ile?"

"Huku. Jirani na mashine."

"Basi ulikaa katikati ya bembea ya ubao, mzee wangu, ukawacheka waliokaa nchani."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Arnfinn kunguni wa omo alikuwa amewaona kwa saa moja tu, tena ana nywele nyeupe na mke pembeni. Mwanawe aliwalalia siku tatu, peke yake. Baba yake alikuwa ngazi chache tu chini, na hakupanda hata mara moja kumtazama.

Aliomba beseni kwa yule mfanyakazi. Borghild akadhani anataka kutapika pale pale, kumbe anarudi juu. Alimsihi abaki, safari bado ndefu, roho itamtoka. Arnfinn alitikisa kichwa. Alikuwa anaogopa bado, lakini alipanda zile ngazi, akalala kwenye kitanda cha mbele na kukumbatia beseni. Kila omo ilipoanguka alilitaja jina la mwanawe kwa sauti ndogo. Hakushuka tena mpaka Stamsund.

Eivind alikuwa gatini, mkubwa sasa, ndevu zimejaa. Alimwona mama yake kwanza, kisha mzee mwenye uso wa kijivu na koti lililochafuka, beseni la meli bado mikononi kwa sababu vidole vilikataa kuliachia. Watu wa bandarini waligeuka kutazama. Arnfinn aliwaona, akapaza sauti wasikie.

"Baharia wa beseni amefika."

Eivind hakucheka.

"Ulilala kule mbele, njia nzima?"

"Mbele kabisa, mwanangu."

Eivind akalipokea lile beseni, na kwa mkono wa pili akamshika baba yake asianguke.