Chumvi kwenye Vyungu vya Shangazi

Chungu kilichoshinda juani, ukikimwagia maji jioni, hutoa harufu ya mvua ambayo haijanyesha. Hiyo ndiyo harufu ya kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano, nikiishi kwa shangazi yangu Mwajuma, Mtendeni, mjini Tabora. Barazani kwake kulikuwa na vyungu kumi na viwili vya maua, asumini na mrehani, na harusi yoyote ya mtaani ilianza kwa mtu kuja kumwomba asumini. Shangazi alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa mimea. Kazi yangu ilikuwa kuchota ndoo mbili za maji ya bomba kila siku nikitoka shule. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, na alishakataza yasiguse maua yake.

Bomba lilikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa ya kukatisha tamaa. Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba ya jirani. Siku ya kwanza nilichota kisimani kwa sababu nilikuwa nimechoka. Siku ya pili sikuwa na sababu. Muda niliouokoa niliutumia kucheza rede na wenzangu, kisha nikarudi na ndoo nikihema kama mtu aliyetoka mbali.

Baada ya wiki kadhaa vyungu vikaanza kuota weupe. Ulianzia chini, ukapanda hadi ukingoni, ukawa gamba la kukwanguka kwa ukucha. Nililionja, nikajua ni nini. Nikavisugua vyungu kwa gunzi la mahindi vikapendeza, lakini siku tatu baadaye weupe ukarudi, na majani ya asumini yakaanza kukauka ncha. Shangazi hakuyatilia shaka maji. Alimshuku mfinyanzi.

Mfinyanzi huyo alikuwa Mama Kulwa wa Ziba, kule upande wa Igunga, aliyekuja na basi kila mwezi, vyungu vyake vimefungwa kwa nyasi, na kulala kwetu. Safari hiyo shangazi alimpokea mbele ya majirani kwa kumwambia kwamba alimletea vyungu vya udongo mbaya uliojaa chumvi. Mama Kulwa alichuchumaa, akakwangua gamba kidogo, akaliweka ulimini.

"Dada, hii imeletwa na maji," alisema. "Nani anakuchotea?"

"Huyu hapa. Anachota bombani, na hajawahi kunidanganya."

Mama Kulwa aliniangalia. Hakuniuliza kitu, alingoja tu. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema na sikuisema, na hata leo naona aibu kuiandika. Akafunga mzigo wake, akaenda kulala kwingine. Shangazi alinunua vyungu vipya kwa mtu mwingine, nami kwa woga nikarudi kupanga foleni bombani, kwa hiyo weupe haukuonekana tena. Kwa majirani huo ukawa ushahidi tosha. Wote wakaacha kununua kwa Mama Kulwa, na Mtendeni hakurudi.

Siku hizi bomba liko uani, na maua mengi ya mtaa wetu yamo kwenye makopo ya plastiki yasiyoota chochote. Mtoto wa leo hana sababu ya kudanganya kuhusu maji. Sidhani kama hilo linamfanya awe bora kuliko nilivyokuwa. Amepunguziwa tu majaribu.

Mwaka jana nilimweleza ukweli shangazi, ambaye sasa anatembea kwa fimbo. Nilitegemea atacheka, maana ni mambo ya kitoto. Hakucheka. Aliniuliza kama Mama Kulwa bado yu hai, nikasema sijui.

"Alikuwa analala kitandani kwangu," alisema. "Nenda Ziba ukamwambie. Usipomkuta, waambie watoto wake."

Nikaitikia. Tangu siku hiyo nimefika Igunga mara mbili kwa shughuli zangu. Ziba sijafika.