Barua Pepe Imegoma, Nikafuta Hadi Shikamoo

Leo nimemwandikia mtu mzima bila kumwamkia. Msinihukumu kwanza.

Kuna mama ana kambi ya watalii kule Mikumi, anachukua waliomaliza kidato cha nne wajifunze kazi ya mapokezi. Mwisho wa kuomba ni leo. Mimi kuongea na watu naona aibu, ila kuandika naweza. Nikamtungia barua pepe nzuri, nikaambatanisha picha ya cheti.

Ikarudi. Maelezo ya Kiingereza yaliyokuja nayo yanasema ujumbe wangu ni mkubwa mno.

Nikajua nimejieleza kupita kiasi. (Mimi! Ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono!)

Nikafuta habari za kwetu Masanze. Ikarudi.

Nikafuta shukrani. Ikarudi.

Nikafuta shikamoo, huku roho inaniuma. Ikabaki "Naomba nafasi" tu.

Ikarudi!

Nikakimbilia steshenari. Kaka wa pale akacheka mpaka akakaa. "Mdogo wangu, maneno hayajazi kitu. Hii picha ya cheti ndiyo kubwa." Akaipunguza, akatuma kabla sijamzuia.

Ikaenda. Na yale maneno mawili makavu.

Nikatuma nyingine mbio: "Shikamoo mama, samahani sana."

Amejibu sasa hivi: "Marahaba mwanangu. Cheti kimekuwa kidogo, sioni hata jina. Nipigie kabla ya jioni unieleze."

Nipigie!

Nafasi naitaka kweli. Simu ninayo mkononi, namba naiangalia tu.

Jamani, mkishasema shikamoo kwenye simu, huwa mnaendelea na nini?