Sale Lililoninyima Uingereza

Nimepata aibu nyingi katika kutangatanga kwangu, nimelala stesheni, nimefukuzwa na mbwa wa walowezi, nimeshushwa kwenye lori katikati ya pori kwa sababu ya kuimba, lakini ile ya ghala la kahawa, pale juu kidogo ya Maji ya Chai, ndiyo ambayo mpaka leo nikiikumbuka njiani nikiwa peke yangu natoa sauti kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na wapita njia wananigeukia.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Mimi nina miaka ishirini na kitu, nimetoka sekondari, suruali ya kaki ina mstari wa pasi, na najiona! Jambo moja mlijue mapema: mimi ni Mmeru wa damu, lakini nilikulia Tanga (baba alikuwa mtu wa reli), nikarudi mlimani nimeshakuwa mkubwa, kwa hiyo mila za kwetu nilizijua nusu nusu.

Tulikuwa na chama chetu cha kujielimisha, chama kisichotafuta faida yoyote, tukifundishana kusoma na kusomeana magazeti ndani ya ghala la kahawa wakati halina magunia, na katibu nilikuwa mimi. Siku moja nikaona gazetini kwamba serikali inatoa ruzuku kwa vyama kama chetu: wanachama wanamchagua mwenzao, anapelekwa Uingereza mwaka mzima kujifunza namna ya kufundisha watu wazima, na kutoka huko anakuja mtu wa kubadilishana naye, akae kwetu, afundishe na kufanya utafiti wa migomba na kahawa yetu. Mwaka mzima! Meli! Kula samaki kwa uma! Moyo ulinienda mbio kiasi kwamba nilijaza fomu palepale, na palipoulizwa mkutano wa wanachama umemchagua nani, nikaandika jina langu. Mkutano wenyewe haukuwapo. (Nilijiambia nitauitisha baadaye, nikasahau, au tuseme nilikumbuka kusahau.)

Jibu likaja kwamba watu wawili watatutembelea kabla ya ruzuku kuamuliwa: Memsabu mmoja kutoka Dar es Salaam, na Mzee Ndosi, mjumbe wa baraza la Wameru, mzee mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo ambayo watu wote hunyamaza kuisikiliza.

Siku ilipofika ghala limefagiwa, mabenchi ya kanisa yameletwa, chai iko motoni, na mimi ndiyo kwanza nagundua kwamba hatuna ua hata moja la kuwapa wageni, maana shuleni kwetu Tanga mgeni mkubwa hakupokelewa bila ua, na mvua ya jana yake ilikuwa imeyapiga yote. Nikatazama huku na huku, nikaona mpakani mwa shamba la jirani masale yamesimama, mabichi, marefu, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikakata matawi mawili, nikayafunga utepe mwekundu. Dakika moja tu. Nisingeyakata dakika ile maisha yangu yangekuwa mengine.

Nikashika njia nimeyabeba mbele yangu kwa mikono miwili. Wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani wakanipisha. Vijana waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Mama Nai, mwuza vitumbua ambaye hajawahi kuniacha nipite bila kunitania, aliinamisha kichwa.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda ukaseme."

"Asante, mama! Hotuba nimeiandaa!"

Akafuta jicho kwa pindo la kanga. (Nikawaza, kumbe watu wa hapa wanaipenda elimu namna hii!) Nilipogeuka nikaona kundi zima linanifuata kimya kimya, na nikafurahi, maana kwenye fomu nilikuwa nimeandika kwamba tuna wanachama mia, na kwa kweli tulikuwa ishirini na wanane.

Landrova ikafika. Memsabu nikampa tawi lake, akatabasamu, akalinusa. Lingine nikampa Mzee Ndosi, nimeinama kabisa.

"Shikamoo, mzee. Pokea."

"Marahaba." Akalipokea polepole, akaketi, akaliweka magotini. "Haya, nimelipokea. Kosa lenyewe ni lipi?"

"Kosa gani, mzee?"

"Kijana, umeniletea sale mbele ya watu." Akaugusa ule utepe kwa kidole. "Tena umelifunga na kitu chekundu. Basi ni kubwa. Sema."

Wenyeji wa kule najua mmeshaanza kucheka. Kwetu sale hubebwa na mtu anayekwenda kuomba radhi. Anayelipokea hawezi kumnyima msamaha, lakini aliyelileta naye haondoki mpaka alitamke kosa lake, na akiwa njiani nalo hakuna anayemuuliza neno. Ndiyo maana hakuna aliyenizuia! Walikuwa wanakuja kusikia.

Mtu mwenye akili zake angesema, samahani mzee, nilidhani ni pambo, watu wakacheka, tukanywa chai. Mimi hayo ya radhi nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati ule niliona tu macho yale yote yamenikazia, nikasadiki kwamba wamejua habari ya fomu, wote, mpaka Mama Nai, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni kweli, mzee! Mkutano haukufanyika!"

"Mkutano gani?"

"Wa kunichagua niende Uingereza. Nilijichagua."

Memsabu akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Na mkalimani wa siku ile ni nani? Ni mimi. Nikamwambia kwamba tunazungumzia utaratibu wa mikutano.

"Hajasema hivyo," ikasikika sauti kutoka benchi la nyuma, kwa Kiingereza kilichonyooka. Alikuwa Mwalimu Eliamani, binti aliyekuwa akilifundisha darasa letu la wanawake. "Amesema alijichagua mwenyewe." Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Samahani, kaka katibu, lakini ukitafsiri, tafsiri yote."

Ghala likalipuka.

"Nilikuuliza mara mbili fomu ile ina nini!" akafoka mwenyekiti wetu, Mzee Lazaro. "Ukaniambia ni mambo ya stempu! Na wanachama umeandika wangapi?"

"Mia."

"Mia! Wengine umewazaa lini?"

"Na mimi nililia bure!" Mama Nai akapaza sauti mlangoni. "Nilidhani kaua ng'ombe wa watu!"

Memsabu alishahamishia kiti chake kando ya Eliamani. Aliposikia yote akafunga daftari, akasema chama ambacho hakijamchagua mtu hakiwezi kupewa ruzuku, akasimama. Hapo kelele zikakatika. Darasa, mgeni wa kubadilishana, safari, vyote vilikuwa vinatoka mlangoni kwa sababu yangu.

"Keti, mama," akasema Mzee Ndosi. "Kijana nimeshamsamehe, sina njia nyingine. Mkutano haukufanyika, basi ufanyike. Wanachama si hawa hapa?"

Tukapiga kura kwa kusimama nyuma ya unayemtaka. Nyuma ya Eliamani mstari ulitoka nje ya ghala ukaingia kwenye migomba. Nyuma yangu alisimama shangazi yangu peke yake, na nikamsikia akininong'oneza, "Nimesimama kwa sababu ni wewe, mwanangu, lakini yule binti anafaa zaidi."

Eliamani akaenda. Wengine walitaka nivuliwe hata ukatibu, ila Mzee Lazaro akasema, "Abaki. Anaungama mwenyewe bila hata kuguswa, tutampata wapi mwingine?" Kwa hiyo barua zake zilipofika, za treni zinazopita chini ya ardhi, msomaji mbele ya chama nilikuwa mimi, na shangazi akiniambia, "Rudia hapo pa treni," narudia.

Baadaye nilitembea sana, Kampala, Mombasa, mpaka Lusaka, kwa nauli yangu na miguu yangu. Uingereza sijaiona. Na niliapa sitajichagua tena kwa jambo lolote duniani, hata kwenye basi nasimama mlangoni mpaka mtu aniambie kiti kile ni changu.