Kichwa cha Cherehani

Ugomvi waliutoa nyumbani, wakapanda nao ndege. Mume, mhasibu aliyepata kazi ya ofisini ng'ambo, alimtaka mkewe auze cherehani. Mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliuza meza yake na miguu. Kichwa akakifungua, akakivingirisha kwenye blanketi la mtoto na kukitia kwenye begi la mkononi.

"Kule nguo zinanunuliwa, mama watoto, hazishonwi," mume alisema. "Unataka wakuone mshamba?"

"Wanione tu."

Chuma hicho ndicho kilichomsomesha huyo mhasibu, lakini siku hizi alijitia hamnazo. Fundi alijua jambo moja: akifika ugenini bila cherehani, atakuwa mtu wa kunyoosha mkono hata kwa sabuni ya kufulia. Na wa kunyooshewa mkono huo alikuwa anamjua vizuri.

Basi, ndege ya kwanza iliwashusha asubuhi kwenye mji wasioujua, na ya pili ilikuwa ya jioni. Masanduku makubwa yalipitilizwa hadi mwisho wa safari. Mume akakata tiketi za basi la watalii, eti watoto waone dunia. Dunia gani? Binti wa miaka minne alitaka kulala, na mdogo wake alikuwa kwenye kigari, kamasi zinamtoka, analia. Jua lilikuwa kali. Wakaonyeshwa jumba la kale lililofungwa kwa ukarabati, wakaonyeshwa na sanamu ya mtu juu ya farasi. Mume akawapanga mbele ya sanamu awapige picha.

"Cheka basi," akamwambia mkewe.

Fundi hakucheka, na kwenye picha zote ametoka amenuna.

Begi alilibeba mwenyewe, bega likimwaka moto. Mume hakuligusa hata mara moja. Walipofika kwenye mnara wa kutazamia mji, mume akaenda kupanga foleni ya tiketi, na Fundi akaona nyuzi za mkanda wa begi zimeanza kuachia. Kazi yake ilimzoesha kuona vitu hivyo kabla havijakatika. Akakihamishia kichwa cha cherehani kwenye kikapu cha chini ya kigari, na vilivyokuwa kikapuni akavitia kwenye begi: viatu vya mume na suti mpya, ile aliyomshonea kwa siku yake ya kwanza kazini. Mume alikuwa amekataa isiwekwe kwenye sanduku, asije akaenda ofisini na mikunjo.

Mume akarudi na tiketi, mpole ghafla. "Lete nikusaidie begi."

Fundi akamtazama. Tangu watoke nyumbani mwanamume huyu alikuwa hajabeba hata pakiti ya nepi. Akampa. Mume akalitupia begani na wala hakushtuka kwamba ni jepesi. Angejuaje?

Fundi akawapeleka watoto chooni. Aliporudi, bega la mume lilikuwa tupu, na nyuma yake palikuwa na pipa kubwa la taka ambalo kifuniko chake hakikufunga vizuri.

"Begi liko wapi?"

"Nimelitanguliza kwenye basi. Tupande tu, mnara wenyewe hauna lolote."

Kwenye basi hapakuwa na begi. Dereva aliwasubiri abiria waliochelewa, na muda wote huo pipa lilikuwa linaonekana dirishani. Neno moja lingetosha. Fundi akamfuta mwanawe kamasi, akampa binti yake biskuti, akatulia kitini. Huruma hakuwa nayo hata chembe.

Uwanjani, wakiwa kwenye foleni ya kupanda ndege, mume akajipapasa mabega kama mtu anayetafuta mbu. "Tumeibiwa begi. Pole, mama watoto. Hata hivyo kile chuma kilikuwa kikuukuu."

Fundi akainama, akafunua blanketi chini ya kigari. Kichwa cha cherehani kilikuwa kimelala pale, cheusi, kizima.

Mume akakitazama. "Sasa kwenye begi kulikuwa na nini?"

"Suti yako. Na viatu."

Foleni ikasogea, wao wakabaki pale pale mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Mume alikuwa na kaptura na ndala, na keshokutwa asubuhi alitakiwa kuripoti kazini.

"Utanishonea nyingine," akasema, sauti imemshuka. "Si cherehani unayo?"

Fundi akasukuma kigari.

"Kule nguo zinanunuliwa, baba watoto," akamjibu bila kugeuka. "Hazishonwi."