Kutu ya Kijani kwenye Waya wa Antena

Nakumbuka alasiri moja ya masika, mwanangu. Hadi leo ngurumo ikipiga, moyo wangu hurudi kule. Nilikuwa msichana, nimeajiriwa juzi tu kutunza redio ya kuitia gari la wagonjwa katika zahanati ya kanisa huko Nyacheki. Ilikuwa redio ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani.

Alasiri hiyo majirani wakamleta dada yangu Moraa kwa machela, ana uchungu wa kuzaa. Mtoto amekwama, damu haikatiki. Sista Kwamboka, muuguzi wetu, mama mtu mzima, akaniambia, "Ita gari kutoka Kisii. Sasa hivi."

Nikaita. Redio ilivuma tu. Nikaita tena, kimya. Nikapeleka mkono nyuma yake niutikise waya.

"Toa mkono!" Sista alipaza sauti. "Hiyo hata ukiizima hubaki na umeme tumboni. Unataka mama yako azike wawili? Zima, ng'oa nyaya za betri, ngoja."

Ningoje, na dada analia chumba cha pili! Nikazima, nikang'oa nyaya za betri. Taa zilipopoa nikafungua plagi ya antena. Safi kabisa. Basi ubovu ulikuwa nje, pale waya ulipoungwa kwenye mlingoti wa antena, na radi ilikuwa ikipasua anga juu ya mashamba ya chai.

"Sista, naogopa."

"Hata mimi. Radi ikisogea mbali tutatoka pamoja."

Radi ilipohamia upande wa Itumbe tukatoka. Sista alinikinga mvua kwa turubai, nami nikabandua tepu iliyofunika kiungo cha waya. Kumbe aliyenitangulia kazini alikuwa amefungia maji ndani. Shaba yote imeota kutu ya kijani. Nikaikwangua kwa wembe, nikaipangusa kwa pamba yenye spiriti, nikaikausha, nikaikaza. Huku masikio yangu yako angani.

Tuliporudi nikarudisha nyaya za betri, nikawasha redio, nikaita Kisii, wakajibu: "Nyacheki, tunakusikia." Nikawaomba gari upesi.

Gari lilipambana na matope, likafika. Moraa alipona. Mtoto alizaliwa hana uhai, hakuwahi kulia.

Mwanangu, ukikabidhiwa chombo kinachobeba uhai wa watu, kikague siku ya jua, wakati hakuna anayeumwa. Fungua ncha zote mbili za waya, hata ile iliyo mbali na macho. Usifunike unyevu kwa tepu. Na hofu ikikubana, zima kwanza, ndipo uguse. Kuogopa si aibu. Mwambie aliye karibu nawe.

Mungu aibariki mikono yako, akutulize moyo siku ya kishindo, na nyumba yako isikose amani.