Mgongo wa Mama Mkwe Mlangoni pa Frigo

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu tuliishi mtaa wa Kamalondo, enzi hizo za ukoloni ukiitwa Cité Albert. Barabara nzima hakuna nyumba nyingine iliyokuwa na frigo, yaani jokofu, ila yetu, nami nilijivuna nayo mpaka nikawachosha watu. Mume wangu aliinunua kwa bosi wake aliyekuwa akirudi Ulaya. Ilikuwa nzee, nyeupe, na ilikoroma kama mzee aliyeshiba.

Mume wangu alituachia amri mbili. Ngurumo ikisikika, chomoa waya ukutani, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kurukaruka huunguza mota. Na umeme ukishakatika, usifungue mlango, ili ubaridi ubaki ndani. Basi. Hata mjinga angeweza.

Mama mkwe, ambaye tulikaa naye, hakuipenda. Yeye alikuwa na kinga zake za radi: alifunika kioo kwa kitambaa, alificha kila nguo nyekundu, na alinikataza kusimama mlangoni. Frigo aliiita sanduku la Wazungu, na waya wake aliuita mkia.

Sasa Jumapili moja ya msimu wa mvua, watu wa mchumba wa wifi yangu walikuwa waje kula kwetu kwa mara ya kwanza. Mama mkwe alitaka samaki wakaushwe kwa moshi mapema. Mimi nikakataa. Wageni watakula samaki wabichi wa Kasenga, nikasema, walioshuka kwenye lori na barafu yao, na samaki hao watalala kwenye frigo.

"Mama, moshi ni mambo ya zamani," nilimwambia.

Wifi alinikanyaga mguu chini ya meza. Mama mkwe hakugomba. Alisema tu, "Muzuri. Kama samaki inaoza, ni weye utaelezea bantu."

Basi nikawa nimejifunga mwenyewe. Samaki wakinuka, uchumba wa wifi utaanza kwa aibu, na aibu yenyewe nitaibeba mimi.

Jumamosi, samaki wakiwa tayari ndani ya frigo, mume wangu alikwenda Jadotville kumchukua mjomba wake, na mchana mbingu ikawa nyeusi. Ngurumo ya kwanza tu nikachomoa waya. Mama mkwe akafunika kioo. Kila mtu na dini yake. Punde radi ikapiga mahali karibu, bati zikalia, na mtaa mzima ukakosa umeme.

Mvua ilipokatika, ikaanza balaa ambayo mume wangu hakuitolea amri. Kwetu mtu haachwi peke yake na msiba wake, na habari zilikuwa zimeenea kwamba frigo ya yule bibi arusi imekufa. Majirani wakaja kutoa pole. Wa kwanza alikuwa mama wa nyumba ya pili.

"Pole, mama. Tunasikia frigo yako inakufa. Tuione."

Kabla sijafungua mdomo, mlango wa frigo alishaufungua yeye. Akawagusa samaki kwa kidole, akatikisa kichwa kama anayemtazama mgonjwa, akasema bado kuna baridi kidogo. Akatoka kuwaambia wengine, nao wakaja kuhakikisha. Kila aliyekuja alifungua, akagusa, akanipa pole. Utamfukuzaje mtu aliyekuja kukuhurumia? Niliingia jikoni nikalia kwa hasira, nikijua kila pole inatoka na ubaridi wa samaki wangu.

Mama mkwe alinikuta pale. Alichukua kiti chake kifupi, akakiweka mbele ya frigo, akaketi na kuusukuma mlango kwa mgongo, hasa pale chini ambapo mpira ulichakaa na mlango ulikuwa haushiki. Kisha akaokota ncha ya waya, akaifunga fundo kwenye pindo la kitambaa chake kiunoni, akanyoosha miguu.

Majirani wengine wakaingia. "Pole, Mama. Tunakuya kuona frigo."

"Aksanti. Njo miye hii. Muniangalie."

"Mama, usogee kidogo tu."

"Mugongo inaniuma. Munataka muzee asimame?"

Nani angethubutu? Waliketi, wakampa yeye pole ya mgongo, wakaenda zao. Nilicheka huku machozi hayajakauka.

Jioni umeme ukarudi, watoto wakapiga kelele barabarani, "Courant! Courant inarudia!" Balbu ikawaka kwa nguvu, ikazimika, ikawaka tena. Nikakimbilia waya. Mama mkwe akafunika fundo lake kwa kiganja.

"Acha. Hii courant inacheza. Itulie kwanza."

Nilitaka kubisha, nikaurudisha mkono. Tukiwa bado tunatazamana, nyumba ya pili ikasikika ikipiga yowe: radio yao, iliyoachwa ukutani tangu mchana, ilikuwa ikitoa moshi. Taa zikazimika tena.

Nilimsihi akalale kitandani, akakataa. Nilimletea bukari, ugali wetu, palepale, akala, akalala ameketi.

Alfajiri balbu iliwaka na haikuyumba. Mama mkwe aliitazama mpaka chai ikachemka, ndipo akafungua fundo.

"Kamata mukila yako."

Nikachomeka. Frigo ikakohoa, ikakoroma. Nikamwomba asogee, akajiburuta pembeni na kiti chake, nikafungua mlango. Barafu ilikuwa imekuwa maji, lakini maji yenyewe yaliuma vidole. Mashavu ya samaki yalikuwa mekundu, macho yao maangavu. Wifi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaamka. Furaha niliyoisikia sijawahi kuisikia kwa ajili ya samaki tena.

Nilipogeuka kumshukuru, mama mkwe alikuwa akijaribu kusimama na kushindwa.

"Baridi ilinikula mugongo usiku muzima," alisema. "Njo nilijua samaki iko muzuri."

Kati ya mke na mama mkwe, kwetu kuna heshima tunayoiita buko. Hamgusani ovyo, wala mmoja haoni mwili wa mwenzake. Tangu niolewe sikuwahi hata kumsuka nywele. Nikamwita wifi aje amkande mama yake.

"Hapana," mama mkwe akasema. "Yeye apike samaki. Weye leta maji ya moto."

Akanipa mgongo, akafungua blauzi yake. Ngozi yake ilikuwa baridi kuliko wale samaki.

"Kanda, mwana wangu. Bageni bako mu njia."

Nilimkanda kwa mikono miwili mpaka mtu akabisha hodi mlangoni, naye hakuniambia niache.