Mpira wa Rejeta Siku ya Ndoa Yangu

Siku ya ndoa yangu nilikaa mbele ya lori pamoja na dereva, kanzu nyeupe pe, na mpira wa rejeta ukapasuka porini, kati ya Bagamoyo na Msata. Baba wa bibi harusi alishatuma salamu: adhana ya alasiri ikiadhiniwa hamjafika, wali utaliwa na majirani, na binti haolewi. Mzee yule hakuwa na mzaha. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema.

Dereva alikuwa na kipande kimoja cha mpira mpya, kirefu kidogo kuliko kilichotakiwa. "Ni kukata tu," akasema. Kukata tu! Mjomba wangu, aliyepanda nyuma na wenzetu, akachomoa panga. Eti lisikwame, akaupaka mpira mafuta ya nazi, yale tuliyokuwa tukiwapelekea wakwe. Panga likateleza, mpira ukakatika mshazari, umechanikachanika kama uliotafunwa na mbuzi. Ulipofungwa, maji yote yakamwagika.

"Mjomba, unaniozesha au unaniua?" nikamwambia. Tulibakiwa na debe moja la maji, na mpira wa kukatwa mara moja tu.

Nyuma, juu ya magunia, alikaa ngariba wetu, mzee aliyetutahiri karibu sote mle garini. Hakuna aliyependa kukaa karibu naye. Akashuka polepole, akakunjua kitambaa, akatoa kisu chake.

"Nileteeni kijiti kinachojaa humu ndani," akasema. Akakichomeka ili mpira usibonyee, akayafuta yale mafuta kwa mchanga, akaulowesha maji, akamwambia dereva aushike. Wanaume wazima tukabana mapaja. Dereva akafumba macho.

"Fumbua, bwana," ngariba akasema. "Leo si zamu yako."

Akapiga bismillahi, akakizungusha kisu taratibu kukifuata kile kijiti. Mpira ukakatika sawasawa, duara tupu. Tukaukaza kwa waya, na halikuvuja hata tone.

Tulishuka Msata mwadhini anasafisha koo. Mkwe alikuwa amenuna, hata shikamoo yangu aliiitikia puani. Tukakalishwa mkekani, akanishika mkono.

"Nimekuoza binti yangu..."

"Nimekubali!" nikapiga kelele.

Akanitazama, midomo ikamcheza. "Subiri basi, mwanangu," akasema. "Hata jina lake sijalitaja."